Ukoko wa jasi na simiti kwenye ndoo: iache asidi ya betri

Swali limetoka kwa kijana wa Langoni, Lamu. Anasema hivi:

"Ami fundi, shikamoo. Mimi ni msaidizi wa fundi, nina miezi minne katika kazi ya lipu. Tumemaliza nyumba moja Mkomani, nikaachiwa vyombo nivisafishe. Ndoo ya kwanza ya plastiki ina jasi iliyoganda chini, unene wa vidole vitatu. Ya pili ina simiti ya kama wiki moja, imeshika ukingoni kote. Karai la bati lina simiti na chokaa, sijui za siku gani. Kulikuwa na ndoo ya tatu, nikaigonga nyundo ikapasuka, na tajiri amesema nyingine ikivunjika atanikata kwenye ujira. Jirani amenishauri nimwage asidi ya betri. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ile iliyopasuka.

Hiyo asidi ya betri irudishe ilikotoka leo hii. Hatari yake ni kubwa: ni asidi ya salfa, inakula ngozi na nguo, ikiruka jichoni inaweza kumpofusha mtu, na ile iliyomwagwa kutoka betri kuukuu imebeba madini ya risasi, sumu isiyotoka kwenye chombo kwa kusuuza mara mbili tatu. Lakini hata ungekuwa na glavu na miwani isingekufaa. Asidi ya salfa ikikutana na chokaa iliyomo ndani ya simiti huzaa jasi. Ndiyo, jasi ileile iliyokushinda kwenye ndoo ya kwanza. Inajitandaza juu ya simiti kama ngozi nyeupe na kuizuia asidi isipenye tena. Jirani yako anakutakia heri, ila kwa njia hiyo ungebaki na ukoko juu ya ukoko.

Nimefurahi kwamba umetaja kila chombo kina nini, maana wengi huniambia tu "ndoo imeganda" kana kwamba kuganda ni kwa namna moja. Jasi, simiti na chokaa huanza zote zikiwa unga na huishia zote kuwa jiwe, lakini kila moja ina njia yake. Jasi hunywa maji ikashika ndani ya nusu saa hivi, wakati mwingine chini ya hapo, na huku inapata joto. Ukiweka kiganja chini ya ndoo utalisikia. Simiti nayo hunywa maji, ila haina pupa: huanza kushika baada ya saa moja au zaidi, kisha huendelea kukaza kwa wiki kadhaa, ndiyo sababu nguvu yake hupimwa siku ya 28. Chokaa ya kale haishiki kwa maji hata kidogo. Yenyewe hukauka, ikavuta hewa ya kaboni dayoksaidi, ikarudi polepole kuwa jiwe kama lile lililochomwa kwenye tanuu. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuiacha shimoni chini ya maji miezi na miezi, na kila ilivyokaa ndivyo ilivyozidi kuwa laini.

Kwa hiyo dawa ya moja si dawa ya nyingine. Usipokuwa na hakika chombo kina nini, jaribu kwa ukucha. Jasi kavu hukwaruzika kwa ukucha na kuacha unga mweupe. Simiti ya wiki moja haikubali ukucha, inataka ncha ya msumari. Kisha dondoshea tone la siki. Chokaa iliyokwisha kuwa jiwe hutoa povu, jasi safi hainyanyui hata tone moja la povu. Angalia tu mchanga usikudanganye: mchanga wenye chembe za makombe nao hutoa povu ukipata siki, hata kama kilichoushika si chokaa.

Sasa jasi, ambayo mafundi wengi siku hizi huiita jipsamu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ndoo chafu inapomwadhibu fundi kuliko popote.

Nilipokuwa na umri kama wako nilipewa kazi ya kumimina nakshi za jasi kwa ajili ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, katika nyumba moja ya wageni. Siku ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Siku ya pili nikakoroga, na kabla sijafikisha ndoo kwenye kalibu, jasi ikashikia mkononi. Nikatupa. Nikakoroga tena, ikashika mapema zaidi. Mara ya tatu ndiyo mbaya kabisa, kijiti cha kukorogea kilisimama wima ndani ya ndoo. Nikaenda kugombana na muuza duka kwamba ameniuzia mfuko uliopitwa na wakati. Mfuko haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa ukutani mwa ndoo, kwenye ule utando wa jana ambao niliuona ni mwembamba mno kuwa na madhara.

Sababu yake ni hii. Jasi inaposhika hujenga vijiti vidogo sana vya fuwele vinavyosukana. Katika maji safi na ndoo safi, vijiti vya kwanza huchukua muda kuzaliwa, na muda huo ndio nafasi yako ya kufanya kazi. Lakini jasi iliyoshika jana imejaa fuwele zilizo tayari. Ukiiingiza katika tope jipya, hata ikiwa ni unga tu uliosuguka kutoka ukingoni, kila chembe inakuwa mbegu na tope lote linaanza kuota papo hapo. Ndiyo sababu kila mkorogo wangu ulishika haraka kuliko uliotangulia: nilikuwa naongeza mbegu. Chumvi nayo huharakisha jasi, na nitakuja kwenye jambo hilo nikifika kwenye maji.

Kwa hiyo ndoo ya jasi haisafishwi ili ipendeze. Inasafishwa mpaka ukipitisha kidole ndani kisitoke na weupe.

Ndoo yako ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote, ingawa ndiyo inayotisha kwa unene. Usiitie maji bado. Bonge nene la jasi hubanduka vizuri likiwa kavu. Iweke kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha ilaze ubavu juu ya mkeka au gunia na uibonyeze kwa viganja viwili. Igeuze kidogo, bonyeza tena. Utasikia mlio mdogo wa kuatuka. Plastiki inakunjika na jasi haikunjiki, basi itakayoshindwa ni jasi. Ukisha kuizunguka yote, ipindue ubonyeze kitako kwa goti, taratibu. Mara nyingi bonge hutoka zima, na umbo la chini ya ndoo limechorwa juu yake.

Utakaobaki ni utando, na hapo ndipo maji yanapoingia. Usitegemee maji yaiyeyushe jasi: lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 2 tu. Kazi ya maji ni kuilegeza, kwa sababu jasi iliyoloa hupoteza kama nusu ya nguvu iliyokuwa nayo ikiwa kavu. Jaza ndoo, iache ilale, asubuhi sugua kwa kumbi la nazi. Kumbi ni bora kuliko brashi ya waya kwa plastiki. Lina makali ya kutosha kutoa jasi na hayatoshi kuchuna ndoo. Siki usiipoteze hapa. Jasi haijali siki wala ndimu, na watu wengi wamemwaga chupa nzima bila kuona mabadiliko.

Tuje kwenye simiti, ambapo sitakudanganya: ya wiki moja imekwisha kukaza, na kila siku unayoiacha inazidi. Lakini una jambo moja upande wako. Simiti haiungani na plastiki laini. Inashikilia tu kwenye mikwaruzo, kwenye mfereji wa chini ya ukingo, na pale mpini unapofungwa. Ndoo mpya huachia simiti karibu yenyewe. Ndoo iliyokwanguliwa kwa mwiko wa chuma kwa mwaka mzima ina mikwaruzo elfu, na simiti imeingiza vidole vyake katika kila mmoja. Kila unapokwangua kwa chuma leo, unaiandalia simiti ya kesho mahali pa kushika. Kata kipande cha ubao au cha plastiki ya mtungi kiwe ndicho chombo chako cha kukwangulia, na mwiko uuache kwa ajili ya ukuta.

Ile ndoo ya tatu ilipasuka kwa sababu mbili, nakisia bila kuiona. Kwanza uliiweka juu ya sakafu au baraza, kwa hiyo nguvu ya nyundo haikupata pa kwenda. Pili, bila shaka ilikuwa imeachwa darini, yaani juu ya paa, juani. Jua letu huiua plastiki: rangi hupauka, juu hutoka kama vumbi, na ndoo iliyokuwa ikikunjika inakuwa kama kigae. Kabla ya kubonyeza ndoo yoyote, bonyeza kwanza ukingo wake mtupu kwa kidole gumba. Ukikunjika na kurudi, endelea. Ukitoa mlio wa kuvunjika, ndoo hiyo haina umri tena wa kubonyezwa. Itumie hivyohivyo kubebea kifusi.

Kama ndoo ya pili bado ina uhai, itoe juani saa sita mchana, kwa saa moja tu, uwazi ukielekea jua. Plastiki ikipata joto hupanuka mara nyingi zaidi ya simiti. Inajivuta nje kidogo, simiti inabaki pale ilipo, na kati yao panakuwa na mwanya ambao huuoni kwa macho. Palepale ikiwa moto na laini, ibonyeze kuizunguka, kisha ipindue na kuigonga kwa nyundo ya mpira au kipande cha boriti kilichofungwa kitambaa, huku umeipakata mapajani na si kuiweka chini. Gonga pale ambapo ndani kuna simiti, mapigo mepesi mengi, usitafute pigo moja kubwa. Vipande vikianza kuanguka, fuata ukingo wake. Chomeka ncha ya ubao kati ya simiti na plastiki, uinue.

Kitakachogoma ni kile chembamba, kama rangi ya kijivu iliyopakwa. Hicho sasa kipe siki. Lakini usijaze ndoo kwa siki, hiyo ni kutupa fedha. Lowesha vitambaa vikuukuu kwa siki ya dukani, vibandike ndani ukutani mwa ndoo, funika kwa gunia lililoloa ili visikauke, uache saa kadhaa. Maji ya ndimu yanafanya kazi hiyohiyo, na Lamu hatuna shida ya ndimu. Asidi hiyo nyepesi hula chokaa iliyo ndani ya simiti, mchanga unabaki bila kitu cha kuushika, na kumbi la nazi linamaliza. Rudia mara ya pili ikibidi. Kwa bonge nene usijisumbue: kipande cha ukubwa wa ngumi kingekunywa chupa nyingi za siki na bado kikabaki na moyo mgumu.

Sitanii katika hili: palipo na siki, ndimu au asidi yoyote, Jik isikaribie. Asidi ikichanganyika na dawa hiyo ya kufulia hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na vyoo na nyua zetu za nyumba za kale ni finyu, hewa haina pa kutokea. Nimeona watu wakichanganya wakidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja.

Ipo pia asidi ya kusafishia vigae inayouzwa madukani, asidi ya haidrokloriki. Hiyo kweli hula simiti. Mimi simpi msaidizi wa miezi minne kazi hiyo kwa ajili ya ndoo, na hata mwenyewe siitumii kwa ndoo. Mvuke wake ni mkali, na bei ya jicho lako hailingani na ya ndoo.

Na sukari. Huenda umewasikia mafundi wakiitaja ukafikiri ni hadithi. Ni kweli kabisa: sukari huizuia simiti isishike. Chini ya gramu 50 zikiingia katika mkorogo wa mfuko mmoja wa kilo 50 zinatosha kuichelewesha sana. Kwa simiti ya wiki moja haina msaada wa maana, lakini kwa ile ambayo bado ni tope au imeanza tu kukaza ni mwokozi. Tuseme mvua imewakimbiza, au mmeitwa kwenye maziko na kazi imeachwa katikati. Mwaga konzi ya sukari pamoja na maji ndani ya ndoo, koroga, ondoka. Ukirudi utakuta tope la kumwagwa. Ila ndoo hiyo isuuzwe mara tatu kabla ya kukorogewa kitu kingine, kwa sababu sukari iliyobaki haitajua kwamba sasa unataka simiti ishike.

Karai halina shida kubwa. Bati halibonyezeki kama plastiki lakini hupokea pigo. Lifudikize juu ya mchanga, uligonge mgongoni kwa nyundo ya mbao kuanzia katikati kwenda nje, ukoko utadondoka kwa mabamba. Utakaobaki usugue kwa brashi ya waya, karai likiwa limelowa, kwa sababu vumbi kavu la simiti na mchanga si kitu cha kuvuta kifuani. Siki usiitie humo: karai la bati limepakwa zinki, na asidi huanza na zinki kabla ya kufika kwenye simiti. Ukiitoa zinki, hewa ya bahari itamaliza chuma kwa kutu. Baada ya kulikausha lipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa. Marehemu babangu alitumia sifa, mafuta yaleyale ya papa yanayopakwa majahazi, na karakana yetu ilinuka hivyo miaka yote ya utoto wangu. Mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika yanatosha. Yapanguse kabla ya kukoroga, lipu haipendi mafuta.

Lakini karai hilo limenikera kwa jambo jingine, na nitalisema wazi kwa sababu bado una nafasi ya kujifunza kazi vizuri. Umesema lina simiti na chokaa pamoja, na nyumba ni ya Mkomani, mtaa wetu wa kale.

Nyumba za kale za mji wetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ngome pale sokoni ilimalizwa mwaka 1821, na saruji ya Portland ilipata hatimiliki yake Uingereza mwaka 1824. Maana yake fundi aliyeisimamisha ngome hakuwa hata na jina la kitu tunachokiita simiti, na kuta zake zimesimama. Kuta hizi zinanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Zina chumvi ndani, kwa sababu jiwe lenyewe limetoka baharini. Ukiziba ukuta wa namna hiyo kwa simiti, unyevu hukosa njia, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, hukauka ikawa fuwele, na fuwele zinasukuma. Baada ya miaka michache lipu inatoka kwa mabamba na kuondoka na uso wa jiwe.

Sasa fikiria karai lenye ukoko wa simiti likikorogewa chokaa ya ukuta wa Mkomani. Mwiko unapopita, unakwangua vipande vya simiti na kuviingiza ndani ya chokaa. Si vingi, lakini kila kimoja ni kinundu kigumu ndani ya kitu laini, na chokaa inapokauka na kujikaza, ufa huanzia hapo. Mwenye nyumba ataona nyufa ndogo kama nywele na kusema chokaa ya siku hizi haina maana. Jasi ina kosa lake pia: ikibaki kwenye ndoo ikaingia katika simiti, halafu ukuta ukawa na unyevu, huvimba ndani kwa ndani na kuipasua. Kwa hiyo kila kitu kiwe na chombo chake. Paka msitari wa rangi kwenye mpini: mweupe wa chokaa, mwekundu wa simiti, wa buluu wa jasi, au rangi yoyote mtakayokubaliana. Kama tajiri atasema vyombo ni vichache, basi angalau chokaa isichangie na simiti. Chombo cha chokaa peke yake ndicho rahisi kusafisha kuliko vyote. Ukikifunika kwa maji mwisho wa siku, kesho bado ni laini.

Maji sasa. Najua visima vingi ni vya chumvi na maji matamu yana bei, kwa hiyo vijana huteremka na ndoo pwani maji yakijaa, wakasuuza pale. Usifanye. Chumvi inayobaki ndani ya ndoo huharakisha jasi, kama nilivyosema, hula karai, na inaingia kwenye ukuta uliokwisha kuwa na chumvi ya kutosha. Na tope la simiti ni kali, linachoma ngozi. Halina kazi baharini kwa samaki wadogo wa ukingoni wala kwenye mikoko.

Mifereji ya vichochoro nayo si mahali pake. Jasi na simiti hushika hata chini ya maji. Unachomwaga Mkomani leo asubuhi kinaweza kuwa jiwe ndani ya mfereji kabla ya adhuhuri, na mvua ya masika ikija, nyumba ya mtu mwingine itajaa maji machafu.

Mimi hutumia ndoo mbili za maji kidogo. Ya kwanza hupokea uchafu wote, ya pili husuuza. Mwisho wa siku naiacha ya kwanza itulie mpaka asubuhi. Tope hukaa chini, maji juu yanakuwa safi kwa macho. Ni safi kwa macho tu, bado ni makali, kwa hiyo namwagia rundo la kifusi kinachosubiri kuondolewa, simwagii mti. Tope lililobaki nalianika, likikauka linakwenda na kifusi. Na ndoo hiyo ifunike usiku, kwa ubao na jiwe juu yake. Punda wetu wanatembea huru usiku na hunywa palipo na maji. Lamu ina hospitali ya punda tangu 1987, na haina haja ya mgonjwa aliyetokana na uvivu wa fundi.

Kwa mwili wako: glavu za mpira, hata kama wenzako watakucheka. Simiti mbichi hula ngozi polepole bila maumivu mwanzoni, unakuja kuhisi usiku. Wengine baada ya miaka hupata ukurutu wa mikono usiopona, wakaiacha kazi wanayoipenda. Ikiruka jichoni, simiti au chokaa, usisugue. Maji safi yanayotiririka, dakika 20 bila kukatiza, halafu hospitali, hata kama unadhani limepoa. Chokaa ndiyo mbaya zaidi kwa jicho.

Ukisha kuvisafisha vyote, jifunze saa ya kila kimoja. Simiti isuuzwe ingali tope, mara tu mkorogo unapokwisha, kabla ya kukaa chini kunywa chai. Jasi ni kinyume chake, na hili huwashangaza wengi: kama hukuwahi kuisuuza ikiwa majimaji, iache. Usiiguse ikiwa laini kama jibini, utaipaka tu kila mahali. Ngoja ipate joto, ngoja ipoe, halafu bonyeza ndoo, itoke nzima. Kwa mikorogo midogo ya nakshi, kata mpira wa watoto katikati. Nusu yake ndiyo bakuli bora la jasi kuliko lolote la dukani. Unalikunja ndani nje, vipande vinaruka. Zamani tulikuwa tukitandika mfuko wa plastiki ndani ya ndoo, lakini mifuko ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na nusu ya mpira inafanya kazi vizuri kuliko mfuko ulivyokuwa ukifanya.

Ama tajiri, mwendee kabla hajakuita. Mwambie ndoo moja imepasuka kwa sababu plastiki ilikuwa imekufa kwa jua, mwonyeshe ukingo uliopauka, na mwombe vyombo viwe vinakaa chini ya dari ya ukumbi badala ya juu darini. Kisha mpelekee ile ya jasi ikiwa safi. Ile ya simiti mwombe siku tatu: moja ya jua, moja ya siki, na moja ya kurudia pale chini ya ukingo, kwa sababu hapo hapatoki kwa mara ya kwanza.